Bibi, mjukuu na vazi la Halloween: Tusikataze tukamwacha mtoto mikono mitupu

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Leo nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa haraka haraka laweza kuonekana ni dogo, tena la mbali. Ni habari ya nguo ya mtoto wa miaka saba. Lakini mambo ya dini ndani ya nyumba mara nyingi hujengeka au hubomoka kwa vitu vidogo kama hivi, na anayesubiri mpaka jambo liwe kubwa ndipo ashughulike hukuta limekwishaota mizizi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 nilipigiwa simu na mama mmoja, mwenyeji wa Tanga, aliyekwenda Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, kumsaidia binti yake kulea. Baada ya kumwamkia na kujuliana hali aliniambia: "Ustadh mwanangu, nina jambo limenikaa kooni." Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wake wa miaka saba amerudi shuleni na karatasi inayosema kuwa tarehe 31 Oktoba watoto wote waje wamevaa mavazi ya kujigeuza kwa ajili ya Halloween. Mtoto anataka kuwa simba. Vazi la simba dukani linauzwa dola 35, na nyumbani wapo watoto watatu. Mama yao anafanya kazi ya usiku ghalani, amechoka, na jibu lake limekuwa, "Mama, mshonee tu, yaishe." Baba yao akasema neno moja, "Haramu," akachukua funguo za gari akaenda kazini. Mtoto akamgeukia bibi yake, akamwambia kuwa darasa zima litavaa isipokuwa yeye.

Bibi huyu anajua kushona, na ndiyo kazi iliyomlelea watoto wake tangu ujanani. Akaniuliza: "Simba si shetani, wala si mzimu. Nimshonee, au niweke sindano chini?"

Nimeona nilieleze jibu lake hapa, kwa sababu swali hili si la Columbus peke yake. Miaka hii hata katika miji yetu, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, zipo hoteli, kumbi za starehe na baadhi ya shule za kimataifa zinazofanya sherehe ya Halloween, na wapo wazazi wa Kiislamu wanaokuta karatasi kama hiyo ndani ya mkoba wa mtoto. Tena, swali hili limebeba mambo matatu ambayo tusipoyatenganisha tutakosea hukumu: kwanza ni siku yenyewe, pili ni vazi, na tatu ni moyo wa mtoto.

SIKU YENYEWE NI IPI?

Wanahistoria wanaeleza kuwa asili ya Halloween inarudi kwa watu wa kale wa Ireland na Uingereza, waliokuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain. Ilikuwa ni wakati wa kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi na giza, na iliaminiwa kuwa usiku huo pazia kati ya walio hai na wafu huwa jepesi, roho zikatembea miongoni mwa watu. Ulipoingia Ukristo, Kanisa liliiweka tarehe 1 Novemba kuwa Siku ya Watakatifu Wote, na baadaye tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu. Mkesha wa tarehe 1, yaani jioni ya tarehe 31 Oktoba, ndio uliozaa jina la Halloween.

Wahamiaji kutoka Ireland, ambao wengi walikimbia njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, waliivusha desturi hiyo hadi Marekani. Kwao walikuwa wakichonga nyuso katika mboga za mizizi na kuweka moto ndani yake. Marekani wakakuta maboga makubwa, wakahamia huko. Ule mtindo wa watoto kupita nyumba hadi nyumba wakidai peremende ulienea Marekani katika karne ya 20, hususan baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sukari ilipoacha kugawiwa kwa mgao.

Leo imekuwa biashara nzito. Shirikisho la wafanyabiashara wa rejareja la nchi hiyo lilikadiria kuwa mwaka 2023 Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa Halloween, na kati ya hizo bilioni 4.1 ni za mavazi tu. Sehemu kubwa ya mavazi hayo huvaliwa jioni moja, kisha yakatupwa.

Sasa Muislamu asimame wapi? Amesimulia Anas bin Malik (r.a), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na An-Nasai, kwamba Mtume (s.a.w) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahilia. Akauliza ni siku gani hizo. Alipojibiwa, akawaeleza kuwa Allah amewabadilishia siku hizo kwa mbili zilizo bora kuliko hizo: siku ya Adh-ha na siku ya Fitri. Vilevile ipo hadithi mashuhuri kwa Abu Daud inayotahadharisha kuwa mwenye kujifananisha na watu huhesabiwa miongoni mwao. Kwa msingi huo wanazuoni wengi wamesema kuwa haifai kwa Muislamu kushiriki sikukuu ambayo asili yake ni itikadi ya watu wengine.

Nafahamu kuwa wapo Waislamu huko Marekani wanaosema kuwa Halloween imekwishapoteza maana ya kidini, na kilichobaki ni peremende na mchezo wa watoto. Hoja hii si ya kudharau. Ni kweli kwamba mtoto anayegonga mlango wa jirani na mfuko wake wa peremende hana habari yoyote na Samhain. Lakini tazama picha zinazotundikwa siku hiyo: makaburi, mifupa, mizimu inayorudi, wachawi. Itikadi imekwenda, picha zake zimebaki, nazo zinamfundisha mtoto kabla hajajua kusoma. Sisi Qur'an imetufundisha, katika Suratul-Muuminun aya ya 99 na 100, kuwa aliyekufa akiomba kurejeshwa hatarejeshwa, na mbele yake ipo barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Kifo kwetu si kichekesho wala kitisho cha kuuzia peremende. Ni mawaidha.

Na sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu nyingine ya kutolichekea jambo hili. Moja ya sura zinazopendwa katika Halloween ni ya mwanamke kikongwe mchawi, mwenye pua ndefu na ufagio mkononi. Wenzetu wanacheka. Lakini katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hasa Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, na wengine kosa lao lilikuwa ni macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Itakuwaje basi bibi wa Kiafrika akae ashone kwa mkono wake vazi la kumfundisha mjukuu kuwa mwanamke mzee ni kitu cha kutisha?

Aidha, kutishana kwenyewe Uislamu haukukuacha bila neno. Abu Daud amepokea kisa cha swahaba aliyelala safarini, mwenziwe akaichukua kamba aliyokuwa nayo, akaamka kwa fazaa. Mtume (s.a.w) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenziwe. Ikiwa hiyo ni kamba tu, vipi kuhusu usiku mzima uliotengwa kwa ajili ya kuogofya?

Kwa hiyo katika jambo la kwanza nilimwambia yule mama bila kuzunguka: vazi la kwenda nalo shuleni tarehe 31 Oktoba kwa ajili ya Halloween, usimshonee.

SIMBA HANA KOSA

Lakini makosa yetu wengi huanzia hapa. Tukishapata hukumu ya siku, tunaipeleka hukumu hiyo kwenye kila kilichokaa karibu nayo. Siku haifai, basi na simba hafai, na kucheza hakufai, na kicheko cha mtoto nacho kinatiliwa shaka. Uislamu haukufundishwa hivyo.

Katika Sunan Abu Daud kuna kisa cha Mama wa Waumini Aisha (r.a) ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Mtume (s.a.w) alirejea kutoka safari ya vita, upepo ukalifunua pazia lililokuwa mbele ya rafu, wanasesere wa Aisha wakaonekana. Akamuuliza ni nini hao, naye akamjibu kuwa ni mabinti zake. Katikati yao akaona farasi mwenye mbawa mbili zilizotengenezwa kwa vipande vya nguo. Akauliza, farasi ana mbawa? Aisha akamrudishia swali: hujasikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume (s.a.w) akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

Ndugu msomaji, kitazame kisa hiki vizuri. Mbawa zilikuwa za vipande vya nguo, yaani viraka vilivyobaki, na aliyezishika zile mbawa kwa macho yake ni kiumbe bora kuliko wote, aliyetoka safari ngumu, mwenye umma mzima mabegani. Hakusema kuwa ni upuuzi. Aliuliza, akasikiliza, akacheka.

Basi mtoto wa Kiislamu kuvaa nguo yenye manyoya ya simba na kunguruma sebuleni ni mchezo wa mtoto, nao hauna ubaya wowote madhali hauna ndani yake shirki, utupu, wala kumuudhi mtu. Kilichokatazwa ni kuifanya nguo hiyo kuwa tiketi ya kuingilia katika sikukuu isiyo yetu. Kwa hiyo nilimwambia: "Mama, sindano usiiweke chini. Mshonee simba, ila mtafutie siku yake nyingine."

MTUME (S.A.W) HAKUONDOA BILA KUWEKA

Tuirudie ile hadithi ya Anas (r.a). Wengi wetu tunaisoma kwa nusu, tunachukua kukatazwa kwa zile siku mbili, tunafunga kitabu. Lakini neno lililotumika pale ni kubadilishiwa. Watu wa Madina hawakuambiwa kuwa kucheza kumekwisha. Waliondolewa siku mbili na mkononi wakapewa siku mbili, tena bora zaidi. Na hizo walizopewa hazikuwa siku za kununa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idd Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w), na yeye mwenyewe akasimama akimsitiri Aisha ili aangalie, hakuondoka mpaka Aisha aliposhiba kutazama.

Sasa yule baba aliyesema "haramu" na kuchukua funguo, neno lake lilikuwa la kweli, lakini aliondoa bila kuweka. Mtoto wa miaka saba amebaki na nini? Amebaki na darasa lililojaa simba na farasi, na yeye kakaa kwenye kiti bila kitu. Mwaka wa kwanza atalia. Mwaka wa tatu hatalia tena, atakuwa amekwishajifunza kwamba dini ya baba yake ni orodha ya mambo yasiyofanywa. Akifika miaka kumi na minane, akiwa mbali na nyumbani, ataiacha orodha hiyo mlangoni. Hili ndilo linalonitisha mimi kuliko maboga yote ya Marekani.

Allah (S.W) ametuamrisha, katika Suratut-Tahrim aya ya 6, tujikinge sisi na ahli zetu na moto. Kukinga ni kazi ya mtu aliye karibu na anayemkinga. Luqman alipomuusia mwanawe, katika sura iliyobeba jina lake, alimwita kwa jina la mapenzi, akamweleza na sababu. Alipomkataza shirki alimwambia ni kwa nini. Alimtahadharisha, kisha akamwelekeza kwenye swala, subira na unyenyekevu. Huo ndio mwendo wa malezi.

Na Mtume (s.a.w) mwenyewe kwa wajukuu zake tumesoma mengi. Abu Qatada (r.a) amesimulia kuwa aliswali huku amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na Buraida (r.a) amesimulia, katika hadithi ya Tirmidhi na wengineo, kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akihutubia, wakaingia Hasan na Husein wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa. Akashuka kwenye mimbari, akawabeba akawaweka mbele yake, akakumbusha maneno ya Allah kuwa mali na watoto ni mtihani, kisha akaeleza kuwa hakuweza kustahamili kuwaona watoto wale wakijikwaa. Mpokezi hakuacha kutaja rangi ya nguo zao. Na khutba ilisimama kwa ajili ya watoto wawili waliokuwa wakianguka kwa nguo zao.

Iwapo khutba ilisimama, je, sisi tushindwe kusimamisha simu zetu na safari zetu kwa dakika kumi ili tumweleze mtoto kwa nini?

VAZI LA DOLA CHACHE

Yule mama aliniuliza la vitendo, nami nikamjibu la vitendo, kwani mawaidha yasiyofika kwenye mkasi na uzi huishia hewani.

Kwanza ni gharama. Allah (S.W) ametuambia katika Suratut-Talaq aya ya 7 kwamba mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichopewa. Na katika Suratul-Israa aya ya 26 na 27 ametahadharisha kuwa wafujaji ni ndugu wa mashetani. Dola 35 kwa watoto watatu ni dola 105, kwa nyumba ambayo mama analala mchana ili afanye kazi usiku. Huo si mchezo.

Simba wa bibi hahitaji fedha hiyo. Huko kuna maduka ya nguo zilizokwishavaliwa, kama mitumba yetu, ambako sweta ya rangi ya kahawia au manjano yenye kofia hupatikana kwa dola chache, na baada ya mchezo sweta hiyo bado itamfaa mtoto kwa baridi. Shungi la simba hutengenezwa kwa nyuzi za sufu za kufumia, au kwa vipande virefu vya nguo kuukuu vilivyokatwa upana wa vidole viwili, vikashonwa kuzunguka ukingo wa kofia. Masikio ni vipande viwili vya mviringo. Mkia ni soksi ndefu iliyojazwa matambara, na kishungi cha nyuzi mwishoni. Mkia uwe mfupi, usiburute chini mtoto akaukanyaga, na uso uachwe wazi apate kuona na kupumua vizuri. Ni kazi ya jioni mbili.

Lakini nilimuusia kuwa asiishone peke yake. Macho ya bibi hayaoni tena tundu la sindano, na macho ya mtoto wa miaka saba yanaona. Basi mjukuu atunge uzi, bibi ashone. Mjukuu achague rangi ya shungi, bibi akate. Na wakati mikono inafanya kazi, mdomo usimulie. Hapo ndipo pa kumweleza habari za farasi wa Aisha mwenye mbawa za viraka. Hapo ndipo pa kumwambia kwa Kiswahili chetu kwamba sisi tunazo sikukuu zetu, na kwamba usiku wa wafu hatuusherehekei kwa sababu wafu wetu tunawaombea dua. Mtoto aliyesimuliwa haya huku ameshika kitambaa hatayasahau upesi.

Akaniuliza: "Na simba huyu atavaliwa lini? Idd bado mbali." Ni kweli, kutoka mwisho wa Oktoba 2025 hadi Idd el-Fitri ya Machi 2026 ni karibu miezi mitano, na mtoto hajui kusubiri miezi mitano. Nikamwambia wiki moja au mbili baada ya tarehe 31, siku ya mapumziko, waalikwe watoto wa Kiislamu wa jirani, kila mmoja aje na mnyama aliyetengenezwa nyumbani, wapikiwe maandazi na kashata, wacheze, waswali pamoja wakati ukifika, waende zao. Wasifanye usiku ule ule, wala wasichonge maboga na kuyabandika jina la Kiislamu. Kubadilisha jina tukaiacha sherehe palepale ni kujidanganya. Na ikifika Idd, simba avaliwe tena jioni, baada ya nguo mpya za asubuhi.

Kuhusu shule, shule nyingi za serikali nchini Marekani humruhusu mzazi kumtoa mtoto katika shughuli kama hizi kwa barua fupi ya heshima kwa mwalimu. Isitoshe, Waislamu si peke yao wasioshiriki. Wapo Wakristo wengi huko wasioitaka Halloween, na zipo shule zilizoiacha au kuigeuza kuwa sherehe ya mavuno. Mwaka huo tarehe 31 Oktoba iliangukia siku ya Ijumaa, sikukuu yetu ya kila wiki. Nikamwambia amtake mkwewe aombe ruhusa kazini, ampeleke mtoto swala ya Ijumaa na baada ya hapo wakale pamoja, ili mtoto asihisi kuwa amefungiwa nyumbani, bali ajue kuwa na yeye alikuwa na mahali pa kwenda.

Na jioni taa ya barazani izimwe. Huko hiyo ni ishara inayofahamika kuwa nyumba hiyo haishiriki. Ikitokea mtoto wa jirani akagonga, ajibiwe kwa uso mkunjufu. Na mjukuu akatazwe kabisa kwenda kuwaambia wenziwe darasani kuwa ni makafiri wanaoabudu mashetani. Allah (S.W) ametukataza katika Suratul-An'aam aya ya 108 kuyatukana yale wanayoyaabudu wengine. Kutoshiriki ni jambo moja na kudharau watu ni jambo jingine, na jirani ana haki yake hata kama dini zetu hazifanani.

SOMO KWETU TULIO HUKU

Pengine yupo msomaji wa Magomeni au wa Majengo anayesema kuwa haya ni ya Marekani. Namuuliza: wewe Idd yako ina nini kwa mtoto?

Tuseme ukweli. Kwa wengi wetu Idd imekuwa siku ya watu wazima. Asubuhi ni swala, kisha pilau, kisha wageni, kisha baba analala na mama anaosha sufuria. Mtoto amevalishwa nguo mpya, amepewa fedha, ametolewa nje. Nguo yenyewe imenunuliwa Kariakoo katika siku za mwisho za Ramadhani, siku ambazo tungepaswa kuwa kwenye itikafu, kwa bei ambayo baba amekopa. Tukiwalaumu Wamarekani kwa mabilioni yao, na sisi tujitazame. Suratul-Furqan aya ya 67 imewasifu waja wa Rahmani kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hukaa katikati. Mzazi aliyekopa ili mwanawe asionekane duni mbele ya watoto wa jirani naye ametoka katikati.

Wazee wetu hawakuwa na fedha, lakini walikuwa na muda. Bibi alikuwa akikata gauni la Idd kutoka kwenye kanga yake, na kipande kilichobaki kikawa nguo ya mwanasesere. Mtoto alikuwa anajua nguo yake imetoka wapi, na nani aliinamia taa ya chemli usiku kuimaliza. Leo tuna fedha kidogo zaidi na muda umekwenda kwenye simu. Halloween na mfano wake haziwavuti watoto kwa sababu ya nguvu ya mashetani tu. Zinawavuta kwa sababu ni siku ambayo mtu mzima anakaa chini, anamuuliza mtoto, "Unataka kuwa nani?" na kumtengenezea kwa mkono wake. Ikiwa Idd zetu mbili na Ijumaa zetu hamsini na ushei hazina nafasi ya swali hilo, tusishangae mtoto akilifuata kwenye boga.

Kumbukeni pia Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a), aliyesimulia katika Bukhari na Muslim namna walivyokuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura. Mtoto akililia chakula walimpa mwanasesere waliyemtengeneza kwa sufu, acheze naye mpaka ufike wakati wa kufuturu. Waliwataka watoto wawe na subira, lakini hawakuwaacha na subira peke yake. Waliketi wakasokota sufu kwa ajili yao.

Basi nawausia mababu na mabibi, wazazi na walimu wenzangu wa madrasa: kila mnapotaka kumwambia mtoto "hili acha", mwe mmekwishajiandaa na "chukua hili". Idd ijayo isitukute tumebeba fedha peke yake. Itukute tuna mchezo, kisa, kitambaa kilichokatwa na sindano iliyotungwa uzi. Na yule asiye na cherehani anao ulimi wa kusimulia, na huo hauuzwi dukani.

Namuomba Allah (S.W) awalinde watoto na wajukuu wetu popote walipo, walio nyumbani na walio ughaibuni, aifanye dini hii kuwa tamu vifuani mwao, na atujaalie sisi wakubwa hekima ya kukataza na upole wa kubadilisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.